Mgeni Wetu na Njia za Mombasa

Mwanzoni mwa Mfunguo Pili tulipokea mgeni nyumbani. Alikuwa shangazi yetu kutoka Langoni, Lamu, mama aliyekwisha kupindukia miaka 70, naye alikuja Mombasa kutibiwa jicho. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa likielekea huko huko. Alivuka kwa mashua hadi Mokowe asubuhi na mapema, akapanda basi lililopita Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, na jua lilipokuwa likielekea kuchwa tukampokea katika barabara ya Abdel Nasser, mkoba wake wa ukili umejaa halua na ng'onda.

Miadi yake ya hospitali ilikuwa Jumanne, saa mbili za asubuhi. Siku hiyo tulifanya kile ambacho, tunadhani, familia nyingi za mji huu hufanya. Tulimpeleka shangazi hadi steji ya Kisauni, tukampandisha matatu, tukamwambia makanga, "Huyu ni mama yetu, mshukishe mjini." Kisha tukamgeukia yeye: "Shangazi, ukifika mjini shuka, uulize hospitali. Hapana asiyeijua." Naye akajibu, "Inshallah wanangu, msiwe na wasiwasi." Matatu ikaondoka, nasi tukaenda zetu kazini nyoyo zimetulia, tukidhani haki ya mgeni tumekwisha kuitimiza.

Saa nne ikalia simu. Nambari hatukuijua. Sauti ya mwanamke ikatusalimu kwa adabu, kisha ikauliza, "Mnamjua bi mkubwa mmoja, mgeni, atoka Lamu? Yuko nami hapa Likoni."

Likoni! Hospitali iko kisiwani, na mgeni wetu alikuwa ng'ambo ya pili ya bahari.

Baadaye, tulipoketi naye barazani, alitueleza yote. Matatu ilivuka daraja la Nyali, ikapita Buxton, ikaingia Digo Road. Makanga aliita "Posta! Posta!" na abiria wengi wakashuka. Lakini hakuita "mjini", kwa kuwa hakuna makanga aitaye hivyo. Shangazi alikuwa akichungulia dirishani kwa jicho lake lenye ukungu, akiutafuta mji. Na mji, kwa mtu wa Lamu, ni majumba ya mawe yaliyosongamana, milango ya nakshi, vichochoro na punda. Aliyoyaona yeye ni maduka na magari, akasema moyoni kwamba bado hawajafika. Matatu ikashika njia ya Nyerere Avenue hadi kituo chake cha mwisho, yaani Feri. Hapo watu wote wakashuka, naye akashuka. Watu wakateremka, naye akateremka nao, na umati ukamchukua kama mkondo wa maji hadi ndani ya chombo.

"Lakini shangazi," tulimuuliza, "hukushangaa kujiona uko baharini?"

"Nishangae nini?" akajibu. "Kwetu hakuna safari isiyo chombo. Nilipoiona bahari nikasema, alhamdulillahi, sasa ndiyo nakwenda."

Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Mwenye simu alikuwa mama auzaye mahamri karibu na kivuko, ambaye alimwona amesimama peke yake akizungusha kichwa, akamkalisha, akampa maji, akaisoma nambari yetu iliyoandikwa kwenye karatasi mkobani, kisha akaiacha biashara yake na kuvuka naye kumrudisha kisiwani. Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini shangazi alipofika hospitali zamu ya wagonjwa wa macho ilikuwa imekwisha, na tarehe mpya aliyopewa ilikuwa ya wiki mbili mbele. Wiki mbili nyingine za kuishi ndani ya ukungu, na nyumbani Langoni amemwacha mjukuu amleaye mikononi mwa jirani. Jambo hilo halikuwa la kuchekesha tena. Na kila tulipolitazama, hatukuweza kumlaumu makanga, wala dereva, wala shangazi. Kosa lilikuwa letu sisi wenyeji.

Ndipo tukaamua kwamba wiki mbili hizo tutazitumia kumfundisha njia za Mombasa, ili asimtegemee mtu. Tuliyojifunza katika safari hizo tunayaandika hapa, kwa ajili ya wageni waingiao mji huu kila siku kwa ajili ya hospitali, mahakama, harusi na matanga. Na zaidi kwa ajili ya wenyeji wao.

Kisiwa chenye milango mitatu

Jambo la kwanza tulilomfundisha shangazi halikuwa matatu bali umbo la mji. Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Hilo ndilo liendalo Kongowea, Kisauni, Bamburi, Mtwapa na hatimaye Malindi. Upande wa magharibi kuna Makupa, njia ya Changamwe, Jomvu, Miritini na bara yote. Upande wa kusini kuna kivuko cha Likoni, njia ya Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, ingawa siku hizi wenye magari waweza kufika kusini kwa barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka feri.

Mgeni akiijua milango hii mitatu, hapotei kabisa. Aweza kukosea kituo, lakini atajua amekosea upande gani. Shangazi alilishika somo hili upesi kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa mtu wa visiwani huzifahamu njia kwa bahari. "Basi," alisema, "nikivuka daraja nimetoka upande wenu, na nikiona feri nimezidi." Maneno hayo machache yangalitosha kumwokoa Jumanne ile, lau tungalimpa mapema.

Abiria wa gari la moshi naye ajue kwamba stesheni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, iko Miritini, nje ya kisiwa. Asidhani kwamba akishuka garini yuko karibu na Fort Jesus. Bado ana safari ya matatu mbele yake, na mizigo yake mkononi.

Majina ambayo hayakuandikwa popote

Mwenyeji hutaja vituo kana kwamba kila mtu alizaliwa navyo. Posta, Saba Saba, Mwembe Tayari, Buxton, Lights, Docks. Vingi kati ya hivyo havina kibao chenye jina. Mgeni akiambiwa ashuke Mwembe Tayari hutazama huku na huku akiutafuta mwembe, na akiambiwa Docks hutazamia kuiona meli.

Neno lililo gumu kuliko yote ni "mjini". Kwa mtu wa Kisauni, mjini ni Digo Road, Marikiti na Posta. Kwa mtu wa Likoni, mjini ni kisiwa kizima. Kwa shangazi, mji ni mawe na vichochoro. Siku moja tulimchukua kwa miguu kutoka Marikiti hadi Mji wa Kale, tukapita naye Ndia Kuu. Aliposikia jina la njia hiyo alitabasamu, kwani kwao pia njia huitwa ndia. Akaligusa pambo la mlango mmoja kwa vidole, akausikiliza mlio wa baiskeli iliyopita uchochoroni, akasema, "Huu ndio mji. Mungalinileta hapa tangu hapo." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna atumiaye neno "mjini" anapomwelekeza mtu.

Basi mwenyeji ataje kituo kwa jina lile lile aliitalo makanga, na aongeze alama mbili za kuonekana au kusikika kabla ya kituo hicho: daraja, mzunguko wa barabara, msikiti wenye mnara, soko. Mgeni akiiona alama ya kwanza hujiandaa. Akiiona ya pili husogea mlangoni. Na kwa mtu asiyeona vizuri, alama iwe ya sikio. Shangazi aliijua Posta kwa kuhesabu mara ambazo makanga aligonga bati baada ya kuvuka daraja.

Matatu na adabu zake

Yasimuliwa kwamba jina matatu lilitokana na nauli ya zamani, mapeni matatu, yaani senti 30. Magari hayo yalianza kama biashara ya kujaribu bahati, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri iliyoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Mwaka 2004 zikaja kanuni zilizojulikana kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: ukanda wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo, mikanda ya viti, na abiria 14 tu kwa gari dogo.

Ukanda ule wa manjano si pambo. Kwa kawaida ndani yake huandikwa njia ya gari, na mgeni ausome kabla ya kupanda. Asiyeweza kusoma, au mwenye macho mabovu kama shangazi, aulize. Tena asimuulize manamba apigaye debe steji, kwa sababu manamba hulipwa kwa kujaza gari na kwake kila gari huenda kila mahali. Amuulize makanga wa gari lenyewe, au abiria aliyekwisha keti ndani. Na swali liwe kamili. Shangazi mwanzoni aliuliza, "Yenda?" na jibu likawa "Twende mama!" Tukamfundisha kuuliza hivi: "Mwanangu, gari hili lashukisha Posta, au lapita njia nyingine?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa neno moja la haraka.

Nauli nayo iulizwe mguu ukiwa bado chini. Nauli za Mombasa hazikai mahali pamoja. Hupanda asubuhi na jioni watu wanapokuwa wengi, hupanda mvua inaponyesha, na hupanda zaidi makanga anapomwona mtu amebeba sanduku na kutazama majengo. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe. Shangazi alilipunguza tatizo hilo kwa kutokwenda na sanduku. Mkoba wake mdogo wa ukili aliuweka mapajani, na noti ndogo ndogo alizifunga katika pindo la leso, mbali na fedha zake nyingine. Kufungua pochi yote mbele ya abiria 14 ni kumwonyesha mwizi aliko samaki. Wengi siku hizi hulipa nauli kwa M-Pesa, na ni jambo jema, mradi makanga ataje mwenyewe nambari na jina lithibitishwe kabla ya kutuma.

Kuhusu mahali pa kuketi, tumeona kwamba akina mama hustareheka zaidi safu ya nyuma ya dereva. Hapo mlango u karibu, makanga husikia akiitwa, na mara nyingi mama mwingine huja kuketi ubavuni bila kuombwa. Viti vya mwisho vina joto na msongamano, na mtu wa makamo hupata tabu kutoka. Wala si aibu kumwambia kijana kwa upole, "Mwanangu, nipishe nikae na mwenzangu." Katika wiki zile mbili hatukumwona kijana hata mmoja aliyekataa ombi la shangazi. Baadhi yao walikuwa na nywele na mavazi ambayo sisi, tukiwa peke yetu, tungaliyanunia. Yeye aliwaanza wote kwa salamu, na wote wakamwitikia, na makanga mmoja aliyekuwa akitukana watu njia nzima alinyamaza aliposikia "Assalamu alaikum, mjukuu wangu", akashuka na kumshika mkono kumteremsha. Tuliona haya kidogo, sisi tuliozoea kupanda bila kumsalimu mtu.

Tuktuk, bodaboda na vazi la buibui

Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa wa Mombasa walizunguka mjini kwa vigari vidogo vya reli nyembamba, viti chini ya kivuli cha turubai, na vibarua wakivisukuma kwa mikono. Vigari hivyo vimekwisha, na hakuna apendaye virudi, lakini haja iliyoviweka ingalipo: njia nyembamba zahitaji chombo kidogo. Leo haja hiyo hutimizwa na tuktuk.

Kwa familia yenye mgonjwa au watoto, tuktuk ndiyo rafiki. Hufika mlangoni, huingia mahali ambapo matatu haithubutu, na abiria huketi nyuma bila kumgusa dereva. Bei hupatanwa kabla ya kuingia, tena bei ya safari yote na si ya mtu mmoja mmoja. Sharti hili likisahauliwa, ugomvi huja mwisho wa safari. Ziko tuktuk nyingine zibebazo watu kwa kuchangia nauli katika njia maalumu, na mgeni aulize mapema kama anakodi peke yake au anachangia.

Bodaboda tungependa kuizungumzia kwa uwazi. Tunajua wengi huitumia kwa kuwa ni ya haraka na rahisi, na vijana waiendeshao ni watoto wetu watafutao riziki ya halali. Lakini kwa mwanamke aliyevaa buibui iko hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Pindo la vazi na ncha za mtandio hupeperushwa na upepo zikanaswa na gurudumu au mnyororo, na pikipiki ikiwa katika mwendo, aliyenaswa huvutwa chini. Mwenye dharura isiyo na njia nyingine alikusanye vazi lake na kulikalia, aufunge mtandio, adai kofia ya kujikinga, wala asikubali kupakiwa wawili. Na zaidi ya hatari ya mwili, kuna suala la kukaribiana na mwanamume asiye mahramu. Kwa sababu zote mbili, nyumbani kwetu tumeafikiana kwamba mama akikosa fedha za tuktuk, tutachanga.

Kivuko cha Likoni

Shangazi alipoenda Likoni kwa kukosea, hakulipa kitu, kwa sababu wavukao kwa miguu hawatozwi; watozwao ni wenye magari. Urahisi huo ndio uliomponza, maana hakuna aliyemzuia na kumuuliza aendako. Tulirudi naye siku nyingine, safari hii kwa kukusudia, ili tumtafute yule mama wa mahamri na kumshukuru. Tulipata nafasi ya kukitazama kivuko kwa jicho la mgeni.

Mwenyeji huvuka bila kufikiri. Lakini kuna umati mkubwa ushukao mteremko mmoja kwa pamoja, kuna magari yapandayo na kushuka katika chombo kile kile, na kuna maji ya kina chini yake. Bahari hiyo haina mzaha. Wasomaji wetu wazee wanaikumbuka asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama huko Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ziko familia katika mitaa yetu ambazo hadi leo haziitaji tarehe hiyo bila kunyamaza kidogo.

Basi mgeni akiweza, avuke saa za katikati ya asubuhi au mchana, wala si saa za watu kwenda na kutoka kazini. Mtoto ashikwe kifundo cha mkono, si vidole. Mtu akiona umati unasukumana, akae pembeni na kuingoja feri ifuatayo. Nyingine haichelewi sana kuja. Asikimbilie chombo kilichokwisha kuanza kuondoka. Akiwa ndani asimame mbali na mlango wa magari na mbali na magari yenyewe. Na mwenye gari ni bora awashushe wazee na watoto wavuke pamoja na watembeao kwa miguu.

Yule mama tulimkuta palepale. Alimtambua shangazi kabla yetu kusema neno. Tulitaka kumpa chochote akakataa, akasema, "Leo wenu, kesho wangu." Mwishowe alikubali halua.

Swala, haja na staha ya safarini

Mgeni Mwislamu ana saa nyingine zaidi ya saa ya hospitali. Mombasa haikosi misikiti. Kisiwani pekee mtu hatembei mbali bila kusikia adhana, na Msikiti wa Mandhry ulioko Mji wa Kale husemwa kuwa wa mwaka 1570. Lakini mahali pa wanawake pa kusalia na kutilia udhu hapapo kila msikiti, na mlango wake mara nyingi uko ubavuni au nyuma. Mwenyeji mwema humwambia mgeni wake mapema ni msikiti gani ulio karibu na aendako wenye sehemu ya akina mama, na aingilie wapi. Shangazi Jumanne ile alikaa na udhu wake tangu alfajiri akiogopa kuuvunja, hakunywa hata maji. Mtu wa umri wake, katika joto la Mombasa, hilo ni hatari ya pili juu ya ile ya kupotea.

Safari ya kutoka Lamu ni ndefu kiasi cha kumruhusu msafiri kupunguza na kukusanya swala akiwa njiani. Wengi katika pwani yetu hufuata madhehebu ya Imam Shafii, na kwa madhehebu hayo, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kama mkazi tangu anapofika. Shangazi alikuja akidhani atakaa siku tatu. Tarehe ilipobadilishwa hesabu nayo ikabadilika. Mwenye hali kama hiyo amuulize sheikh wa mtaa wake, kwani kila safari ina mambo yake.

Wala dua ya kupanda chombo isisahauliwe, ile ambayo asili yake imo katika Sura Az-Zukhruf. Shangazi aliisoma kwa sauti ndogo kila alipopanda, iwe basi la kutwa nzima au tuktuk ya dakika tano. Sisi tulikuwa tumezoea kuisoma tunapokwenda mbali tu.

Karatasi ya mgeni

Siku moja kabla ya miadi ya pili tulikaa chini pamoja na watoto tukaandika karatasi. Kwa herufi kubwa za wino mweusi tuliandika jina la kituo cha kupandia, jina la kituo cha kushukia, alama mbili kabla ya kituo hicho, jina la hospitali na la kliniki, jina la mtaa wetu, na nambari mbili za simu, kwa kuwa moja yaweza kuzimika. Upande wa pili tuliandika njia ya kurudi. Wengi husahau upande huo, na mgeni hupotea akiwa anarudi nyumbani ambako hata jina la mtaa halijui.

Tuliandika pia saa, tena kwa njia mbili. Kadi ya hospitali ilikuwa na tarakimu 8:00, na mtoto wetu mdogo alipoisoma alisema "saa nane". Angalisomewa hivyo shangazi tangu mwanzo, angalifika adhuhuri imekwisha kupita. Basi tukaandika kwa maneno: saa mbili za asubuhi. Nakala moja ilikaa mkobani na ya pili ikafungwa katika pindo la leso pamoja na nauli.

Na juu ya karatasi hiyo, tulimsindikiza. Tulikubaliana kwamba karatasi ni ya siku ambayo hapana mtu. Akiwapo mtu, karatasi haitoshi. Mmoja wetu aliomba ruhusa kazini nusu siku. Ilikatwa katika mshahara, nasi tukaihesabu kuwa sehemu ya chakula cha mgeni. Kumlaza mgeni kitandani, kumpikia biriani, kisha kumwachia mitaa ya mji asioujua, ni kumkirimu nusu tu.

Lakini kilichotokea njiani ni kwamba hakutuhitaji. Steji alimuuliza makanga swali lake kamili. Aliketi nyuma ya dereva. Gari lilipopita daraja alisema, "Moja." Kulipokaribia Marikiti alisema, "Mbili," akafungua leso, na kabla hatujafungua midomo akaita kwa sauti iliyozoea kuita manahodha: "Mwanangu, Posta yashuka mtu!"

Alipasuliwa jicho asubuhi ile, na siku ya pili bandeji ilipoondolewa alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, akasema alhamdulillahi mara tatu. Jicho la kushoto litangoja hadi safari nyingine, inshallah.

Siku ya kurudi Lamu tulitaka kumpeleka hadi basini kwa tuktuk. Akakataa. Alisema anataka kwenda kwa matatu, kwa sababu safari zote alizozipita alizipita katika ukungu, na sasa anataka kuuona mji. Tulipanda pamoja naye. Alisoma kwa sauti kila neno lililoandikwa kwenye kila gari tulilolipita, hata matangazo ya sabuni, kama mtoto aliyetoka madrasa wiki ya kwanza.

Jioni alitupigia simu kutoka gatini Mokowe. Mashua ilikuwa imekwisha kujaa, alisema, na mbele yake yuko msichana kutoka Mombasa ajaye Lamu kwa mara ya kwanza, hajui ashuke gati gani. "Nimemwambia akae nami," alisema shangazi. "Nitamfikisha mlangoni mwa wenyeji wake."